Ordinateur ya Chaki

“Mama Régine, ule kijana iko nafundisha watu ordinateur bila ordinateur, akili yake iko sawa kweli?”

Swali hilo la kompyuta Mama Adelaïde alilirusha juu ya ua wa matete huku akitwanga sombe, majani ya mihogo, kisha akalicheka mwenyewe. Mama Régine aliendelea kuchambua maharagwe yake. Jirani hakujua kwamba kijana huyo huyo alikuwa ameshamwomba Consolée, binti ya Mama Régine, awe mke wake. Wala hakujua Consolée alimjibu nini.

Walionana mara ya kwanza hapa hapa Walikale, siku ya soko, mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi. Consolée alikuwa analinda nyumba ya chaji. Ni chumba cha mbao, groupe ya umeme inanguruma nyuma yake, na mezani simu za watu zimelala na nyuzi zao kama watoto wa nguruwe wanaonyonya. Nje walipita wauza mawese, wanawake wenye ndizi vichwani, askari wanaonunua sigara mojamoja, pikipiki zenye matope mpaka kwenye kiti. Consolée alivaa kikwembe cha kijani kilichopauka na sweta ya kiume. Sweta ilikuwa ya baba yake.

Mbele ya meza akasimama mwanaume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, kitu cha ajabu katika matope yale. Mkononi alishika kamba nyeusi, nene, yenye kijisanduku katikati.

“Dada, unaweza kunichajia hii?”

“Hii ni kamba.”

“Ni kamba ya ordinateur.”

“Na ordinateur iko wapi?”

“Waliichukua kwa barabara. Kamba waliisahau.”

“Sasa unataka nichaji kamba?”

“Nataka tu nione kama ingali inafanya. Siku moja nitapata ingine.”

Wenye simu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, “Kaka, nenda ukalete na kiberiti, tukuchajie moto!” Consolée hakucheka. Alichukua kamba akaichomeka. Juu ya kijisanduku taa ndogo ya kijani ikawaka.

“Inafanya,” akasema. “Enda. Kamba haikunywa courant, sitakuomba kitu.”

“Mimi naitwa Mumbere.”

“Mimi nitakuita Papa Kamba.”

Siku ya soko iliyofuata akaja tena na kamba yake. Na siku ya soko nyingine pia. Wote wawili waliitazama ile taa, wakaulizana habari za mvua, kisha akaenda. Watu wa soko wakaanza kusema.

Mumbere alikuwa mtu wa Butembo. Huko ndiko alisoma kuchora plan za nyumba kwa ordinateur, zamani, kabla biashara ya barabarani haijamla. Mjomba wake Nzanzu alikuwa na duka la chumvi na sabuni kule Hombo, na lori moja; Mumbere alimuuzia bidhaa hapa Walikale. Ndugu zake wawili walikufa ndani ya lori lingine. Habari hiyo aliitoa mara moja tu, kama mtu anayetaja bei, kisha hakuirudia.

Consolée na mama yake walitoka Bihambwe kwa miguu. Baba yake aliuawa shambani, kati ya mihogo. Consolée alimfunika kwa koti lake la mvua, akasali Baba Yetu mpaka mwisho, akamshika mama yake mkono, wakaenda. Hakulia. Watu walimsifu kwamba ana imani. Haikuwa imani. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliolaliwa: uko, unaona uko, lakini ukiugusa hausemi kitu. Alikwenda misa, akaimba, akakomunika, akarudi nyumbani kupika. Mungu alimvumilia.

Basi ikasikika kwamba kuna shirika litakalojenga upya masomo, yaani shule, na vituo vya afya vilivyochomwa, Walikale na Masisi. Walitaka kijana mmoja wa hapa, mwanaume ao mwanamke, anayejua kuchora plan kwa mashini. Mtihani ungefanywa kiisha Pasaka, na mashini wangekuja nayo wenyewe. Padri akatoa salle, ule ukumbi wa parokia. Mumbere akasema atafundisha.

“Na mashini?” padri akamuuliza.

“Ubao utatosha, mon père.”

Akachora kwa chaki fremu kubwa, ubao mzima ukawa kioo. Juu akaandika maneno kwa mstari mmoja: Fichier, Édition, Affichage, Format, Dessin, Modification. Katikati akaacha peusi.

“Hapa njo kiwanja, hapa munachora. Huu musalaba mudogo ni souris, unaenda kila mahali mukono unaenda.” Kisha akapiga mstari mrefu chini kabisa. “Na huu mustari njo kinywa ya mashini. Inauliza hapa. Macho chini kila saa! Musijibu mbele haijauliza.”

Souris, kile kipanya cha mkononi, ilikuwa kipande cha sabuni. Clavier, kibodi ya herufi, ilichorwa juu ya katoni za biskuti, kila mtu na yake. Na Mumbere mwenyewe alikuwa mashini.

“Consolée, chora mustari.”

“Naenda kwa Dessin, naklike. Inashuka. Naona Ligne, naklike.”

“Spécifiez le premier point,” akasema Mumbere kwa sauti kavu ya puani, akiuliza nukta ya kwanza iko wapi.

“Zéro, zéro.”

“Point suivant?”

“Tano, zéro.”

“Point suivant?”

“Entrée. Imetosha.”

“Vizuri. Archange, wewe na sabuni munafanya nini?”

Archange, kijana mcheshi aliyewahi kukaa Goma, akainua mikono. Mvua ilikuwa inavuja juu ya meza yake. “Papa Mashini, souris yangu inatoa povu!”

Salle nzima ikacheka. Mumbere akangoja watulie, kisha akawauliza wote kwa pamoja, nao wakajibu kama litania.

“Ukikosea?”

“Échap!”

“Ukipotea, plan haionekane tena?”

“Zoom, étendu!”

“Ukifuta kitu cha mwenzako?”

“Annuler!”

Wengine wakienda, Consolée alibaki kwenye benchi akiutazama mstari wa chini. Alipenda hivyo: mashini inauliza kitu kimoja, halafu inakungoya. Haikuambii pole. Haikuulizi ulilia ao hukulia. Inataka tu kujua unaanzia wapi.

“Wewe ukijua mashini hii, utanisahau,” Mumbere akamtania siku moja, akipangusa chaki kwenye suruali.

“Nitakusahau namna gani? Mashini yenyewe ni wewe.”

“Basi niklike.”

“Nenda kule! Nawa hiyo chaki kwanza.”

Alimwomba kando ya mto Lowa, wakichota maji, kabla ya Kwaresima. Hakupiga magoti. Alisema tu, “Consolée, mimi niko peke yangu, na wewe uko peke yako. Tukae pamoja.”

Consolée aliweka bidoni chini. Alitafuta ndani yake kama kuna furaha, akakuta kimya. Lakini palikuwa na nafasi ya mtu huyo. Hilo aliliona wazi.

“Nitakuja,” akasema. “Lakini sitaki kuingia kwako kama deplase, mukimbizi wa vita, na bâche ya plastiki mabegani. Wacha nifanye mtihani. Nikipata kazi, nitaingia na kitu changu mukononi. Unaelewa?”

“Na ukishindwa?”

“Sitashindwa. Nani alinifundisha?”

Mumbere alicheka, akamtwika bidoni. Swali lake lilibaki naye njia nzima.

Katikati ya Kwaresima mjomba Nzanzu alimwita Hombo kupokea mizigo. Wanafunzi wakabaki na ubao. Consolée akawa anapanda kilima nyuma ya kanisa, mahali pekee reseau ya simu inaposhika, sweta imefungwa kiunoni, katoni ya clavier kwapani.

“Allô, Papa Mashini?”

“Chérie! Umekula?”

“Nimekula. Uliza.”

“Hata habari yangu hutaki?”

“Habari yako nasikia kwa sauti. Uliza, unite ya simu inakwisha.”

“Haya. Umesimama mbele ya salle ya masomo, mita sita kwa saba. Unaanza na nini?”

“Kwanza Format, Calques. Nafungua calque ya kuta, kama karatasi yake peke yake, ingine ya milango, ingine ya mapaa. Njo naenda kwa Dessin.”

“Moyo wangu, wewe utakuwa dessinatrice, muchoraji mukubwa.”

“Uliza, Mumbere.”

Alisikia kicheko chake toka mbali, na nyuma yake watu wa Hombo wakishusha magunia. Aliposhuka kilima alijikuta anatembea haraka bila sababu. Mama Régine aliona.

Siku chache kabla ya Pasaka, Mumbere aliingia katika ofisi ya ingénieur mmoja wa barabara aliyeitwa Théophile, pale Hombo, kumpelekea sabuni. Mezani palikuwa na mashini mpya, na programu ile ile ya kuchora. Ile ile, lakini uso si ule. Fichier, Édition, Dessin, vyote havipo. Juu palitandazwa utepe mpana wa mapicha madogo, umegawanywa kwa visanduku. Na chini, pale penye kinywa, palikuwa patupu. Théophile alicheka.

“Hii njo mupya, kaka. Swali haikai tena chini, inafuata musalaba. Na ule mustari watu wengi wanaufunga. Wewe ulisomea ile ya wazee?”

Mumbere aliomba kukaa. Alikaa mchana mzima. Akagundua kwamba ukiacha msalaba utulie juu ya picha, inakuambia jina lake. Akagundua namna ya kuurudisha mstari wa chini kwa vidole viwili juu ya clavier. Si vitu vikubwa. Vingesemwa vyote kwa simu moja.

Jioni simu ikalia.

“Allô, Papa Mashini? Mbona sauti yako iko chini?”

Mumbere aliangalia barabara. Lori la mjomba lilikuwa linapakiwa. Akilini alimwona Consolée ndani ya gari la shirika, na badge kifuani, anakwenda Masisi na watu wengine, na yeye amebaki na chumvi na sabuni na wafu wawili. Aliona hayo wazi kuliko alivyoiona ile barabara.

“Nimechoka tu, chérie,” akasema. “Haya. Chora mustari.”

“Naenda kwa Dessin, naklike…”

“Macho iko wapi?”

“Macho chini.”

“Vizuri,” Mumbere akasema.

Siku ya mtihani Consolée alivaa blauzi nyeupe ya kuazima kwa Mama Adelaïde na kikwembe chake cha jumapili. Aliketi. Mashini ikawaka. Mkono wake ukashika souris ya kweli, nyepesi, haina uzito wa sabuni. Alitazama juu kutafuta Dessin. Mapicha, mapicha. Alitazama chini. Hakuna mstari.

Akaandika LIGNE kwa clavier, akapiga Entrée, akangoja. Swali lilitokea, kwa herufi ndogo sana, kando ya msalaba katikati ya kioo. Yeye macho yake yalikuwa chini, pale alipofundishwa. Aliona mashini imenyamaza. Akapiga Échap. Akaandika tena. Akangoja tena. Pembeni yake Archange alihangaika kidogo, akabofya picha moja, akabofya nyingine, akaanza kuchora ukuta.

Mama mmoja wa shirika, mwenye miwani, alimwinamia kwa upole. “Dada, kuna tatizo?”

“Nangoya iniulize,” Consolée akasema.

Archange akapata kazi. Consolée akarudi nyumbani, akavua blauzi, akaifua, akaianika, akaipeleka kwa mwenyewe. Hakulia.

Mumbere akapiga simu, Consolée akaiacha ilie. Ililia siku iliyofuata, akaiacha. Hakuwa na hasira. Mkono tu haukutaka kwenda. Moyoni alisema mtu huyo aliwafanyia mchezo, aliwafundisha jina la kitu kilichokufa zamani, ili apate mahali pa kusimama mbele ya watu. Mumbere naye alidhani Consolée ameshajua yote. Ndiyo sababu alipofika toka Hombo, juu ya magunia, shati lake jeupe limekuwa la rangi ya vumbi, alikuja nyumba ya chaji amejiandaa kufukuzwa.

“Ulitufundisha mashini ya wazee,” Consolée akamwambia. Sauti haikupanda.

“Consolée…”

“Nilikaa pale kama jiwe. Watu wananiangalia. Ulijua iko mupya, ao hukujua?”

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Mumbere aliuona.

“Sikujua,” akasema. “Jina ya Mungu, chérie. Nilisoma zamani, sikujua walibadilisha.”

Consolée alimtazama muda. Mtu asiyejua huwezi kumshika kosa. Askari walijua, waliochoma nyumba walijua, huyu hakujua. Kitu kikalegea mabegani mwake.

“Unikokotee hiyo kiti, ukae,” akasema. “Umekonda, Papa Kamba. Hombo hakuna chakula?”

“Chakula iko. Wewe hauko.”

“Ee! Na chumvi yote ile, maneno yako bado tamu.”

Hata yeye alishangaa kusikia amefanya utani. Wakakaa mpaka groupe ilipozimwa. Consolée akamwambia habari ya kuingia na kazi mukononi ameiacha. “Mwambie mujomba wako akuje. Mama yangu amechoka kungoya.”

Miezi ile Archange, ambaye hakuwa na roho mbaya, alimruhusu kukaa kwenye mashini ya shirika kila jumamosi. Consolée akajifunza ule utepe, sanduku kwa sanduku. Alitulizia msalaba juu ya picha moja moja mpaka iseme jina. Alirudisha mstari wa chini, akauona, kisha akaufunga mwenyewe, hakuuhitaji tena. Archange alimwambia huenda mwaka ujao watataka mtu wa pili, kwa Masisi. Consolée alisema Mungu akipenda. Kwa Mumbere hakusema mengi, maana kila alipotaja jumamosi yake, Mumbere aliuliza habari nyingine.

Wageni walikuja jumapili kiisha misa. Mjomba Nzanzu aliingia na kofia na kicheko, nyuma yake wazee wawili na Mumbere ndani ya shati jipya. Upande wa pili alikaa Papa Isidore, mdogo wa marehemu baba yake Consolée, aliyetoka Kibabi kwa ajili ya siku hiyo. Mama Adelaïde alikuwa tayari amekaa karibu na mlango, asipitwe na kitu. Katikati palikuwa na mtungi wa kasiksi, povu limepanda mpaka mdomoni. Hapa pombe ya posa hainywewi mpaka binti mwenyewe aseme. Baba anamuuliza mbele ya wote. Akisema “mukunywe,” imekwisha, amekuwa wao.

Consolée alikaa kando ya mama yake, kikwembe kipya cha maua ya bleu, nywele zimesukwa na Mama Adelaïde. Alikuwa mzuri. Hata Papa Isidore alisema.

“Na sisi hatukuleta muntu wa bure!” Nzanzu akajibu, akimpiga Mumbere begani. “Huyu musimuone kama muuza chumvi. Huyu ni kichwa! Mbele ya Pasaka, Pasaka haijafika bado, kule kwangu Hombo, ingénieur alikuwa na mashini mupya, ile ya mapicha juu. Mutoto alikaa pale mchana muzima. Jioni hakukula. Nikamuuliza, ni nini? Akasema: mujomba, kila kitu nilifundisha watu wa Walikale kimebadilika. Munaona moyo yake? Haikuwa chakula ilimuhangaisha, ilikuwa ninyi!”

Wazee wakaitika. Mumbere alitazama mikono yake.

“Mbele ya Pasaka?” Consolée akauliza.

“Njo vile, binti yangu. Mbele ya Pasaka.”

Papa Isidore, ambaye hakujua lolote, alisafisha koo. “Basi, Consolée, mutoto ya ndugu yangu. Hawa watu wamekuja. Tukunywe, ao tusikunywe?”

Consolée hakumtazama. Alimtazama Mumbere. Masikio yalianza kumchoma, kisha shingo.

“Siku ile nilikupigia simu kwa kilima, ulikuwa umeshaona ile mashini mupya?”

“Tutasema nyuma, chérie.”

“Tuseme sasa.”

Mama Adelaïde aliacha kupunga nzi.

“Nilikuwa nimeshaona,” Mumbere akasema.

“Na kisha ukaniapia jina ya Mungu.”

“Niliapa.”

“Ulifanya vile juu ya nini, Mumbere?”

Aliinua macho. Kwa kumtendea haki, safari hii hakukimbia. “Ungepata kazi, wangekupeleka Masisi. Ungekuwa na watu wengine. Mimi niko na nani? Nilisema, akishindwa atakuja kwangu.”

“Ningekuja,” Consolée akasema, na sauti yake ikapasuka mbele ya watu wote, ile sauti iliyokuwa haipasuki hata kwa mazishi. “Ningekuja tu. Ningekuja na kazi yangu.”

Machozi yalishuka. Hakuyafuta. Mama Régine aliyaona, akafanya ishara ya msalaba, maana alikuwa ameyasubiri toka Bihambwe.

Povu la kasiksi lilikuwa limeanza kushuka ndani ya mtungi, na hakuna mkono ulionyooshwa.

“Binti,” Papa Isidore akasema polepole, kwa sababu ilikuwa kazi yake kuuliza, “watu wanangoya. Tukunywe?”

Consolée akasimama, akakaza kikwembe chake kiunoni, akapita kati ya magoti ya wageni na kumpita Mumbere aliyekuwa amenyoosha mkono, akatoka, na neno “mukunywe” hakulisema.